Kwa nini Tiwi ilibaki na nyumba za kujipikia huku Diani ikijaa mahoteli?

#1 MnaziMrefu (Kwale)

Salamu wanajukwaa. Marehemu baba ametuachia shamba la minazi hapa Tiwi, kusini ya Mombasa, safu ya pili kutoka baharini, na sisi ndugu tumekaa kikao tukashindwa kuafikiana. Kaka yangu anataka hoteli ndogo, vyumba 20, bwawa la kuogelea na mkahawa. Mimi nataka nyumba tatu tu, kila moja na jiko lake, friji yake na baraza yake, mgeni aje na watoto wake na unga wake, apike anachotaka saa anayotaka.

Kaka ana hoja nzito. Anasema tazama Diani hapo kusini yetu, mahoteli yamepangana kutoka mlango wa mto Mwachema hadi Galu na watu wamepata kazi. Mimi namjibu: basi itazame na Tiwi. Tangu utotoni mwetu nyumba za kujipikia ndizo zilizokuwako, na nyingi zingaliko hadi leo, huku hoteli kubwa ukizihesabu kwa vidole vya mkono mmoja unabakiwa na vidole. Bahari ni ile ile, mwamba ni ule ule, Wadigo ni wale wale. Lazima iko sababu.

Naomba anayeijua aiseme. Msiniambie "ndivyo ilivyo", maana nitaibeba hadi kikaoni.

#2 Baharia_wa_Likoni

Sababu ni barabara. Diani ina lami inayokwenda sambamba na bahari, kila kiwanja kinafunguka barabarani upande mmoja na ufukweni upande wa pili. Tiwi unaacha barabara kuu ya Likoni–Lunga Lunga, unashika njia ya vumbi, inakuteremsha hadi baharini na hapo imekwisha. Ukitaka kwenda kwa jirani, panda tena barabara kuu, shika njia nyingine. Basi lenye watalii 50 na masanduku yao halina haja na safari hiyo. Gari la familia lenye magodoro juu na mtungi wa gesi nyuma halijali.

#3 BintiShimba

Baharia, kaka yangu, lami hupelekwa kule wenye hoteli wanakoitaka. Umetaja matokeo ukayaita sababu.

Sababu iko kwenye ufuo wenyewe. Diani ni mchanga mmoja mrefu, unatembea asubuhi nzima hukutani na kizuizi. Tiwi ni majabali ya matumbawe yanayoshuka hadi majini, na kati ya jabali na jabali pana kighuba. Kila kighuba kinatosha nyumba chache na mti wa kivuli. Hoteli ya vyumba 200 ingewalaza wapi watu wake kuota jua? Na maji yakijaa, vighuba vingine hubakiwa na mchanga wa kutandika mkeka mmoja.

Maumbile ndiyo yaliyopanga, watu wakafuata.

#4 MamaPendo_Nrb

Siwezi kusema kuhusu maumbile wala lami, lakini naweza kuwaambia kwa nini sisi tulikuwa tunakwenda huko.

Baba alikuwa mwalimu, mama muuguzi, watoto tulikuwa kundi, na binamu wakaongezeka. Hoteli inatoza kwa kichwa. Nyumba inatoza kwa usiku, ukilala watu wanne au wanane bei ni ile ile. Wazazi walibeba mchele, unga, mafuta na sukari kutoka nyumbani, mengine yote yalitufuata mlangoni. Asubuhi mvuvi anafika na baiskeli, kikapu nyuma, ana changu, tafi na pono, na siku ya bahati kamba mti. Nyuma yake anakuja kijana wa madafu, halafu mama wa mboga na maembe. Mama yangu ni mtu wa Nyeri, samaki alimwogopa, lakini mvuvi mmoja ndiye aliyemfundisha: fungua matamvua, yawe mekundu, bonyeza nyama irudi. Mpaka leo akiwa sokoni City Market anawafungua samaki matamvua mbele ya muuzaji.

Na nyumba ilikuja na mpishi. Ukitaka unampa samaki asubuhi, mchana unakuta samaki wa kupaka na wali wa nazi. Ukitaka kupika mwenyewe, yeye anakukunia nazi tu.

MnaziMrefu, pole kwa msiba. Jenga nyumba.

#5 Baharia_wa_Likoni

@MamaPendo kumbe "kujipikia" kwenyewe mlipikiwa!

#6 MamaPendo_Nrb

Siku ya ugali tulijipikia. Mpishi alikuwa anautoa mwepesi kama uji.

#7 FundiVisima

Nyote mmeanza juu ya ardhi. Mimi nachimba visima Kwale hii, nawaambia anzeni chini.

Mvua inanyesha kwenye vilima vya Shimba na miteremko yake, inazama mchangani, inateremka chini kwa chini kuelekea baharini. Mchanga ulio nyuma ya Tiwi, upande wa bara, ndio uliobeba maji matamu, na ndiko viliko visima vya umma vya Tiwi ambavyo maji yake yanakwenda Likoni na Ukunda. Hata serikali ya kikoloni ilipotafuta maji ya kisiwa cha Mombasa ilipanda vilima hivyo hivyo, ikayatega kwenye chemchemi za Marere.

Lakini ukikaribia ufuo unauacha mchanga unaingia kwenye matumbawe. Matumbawe yana matundu na mapango, na bahari inapita humo. Maji matamu ni mepesi, yanaelea juu ya maji ya chumvi. Hesabu inayotumika ni hii: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 chini yake. Ukiisoma hivyo unafurahi. Sasa igeuze. Ukivuta kwa pupa hadi usawa ukashuka mita 1, chumvi inakaribia kupanda mita 40, na ikishaingia kisimani haitoki kwa mvua ya msimu mmoja.

Nyumba tatu zenye ndoo, bomba la kuogea na sinki la jikoni, kisima cha pwani kinaweza kuzibeba. Bwawa la kuogelea, mashuka ya vyumba 20 kila siku na bustani ya majani ya kumwagilia, hapana. Wazee wa Tiwi walijenga kadiri ya maji yao.

#8 BintiShimba

Fundi, somo zuri, ahsante. Ila Diani nayo imekaa juu ya matumbawe yale yale na ina mabwawa kila kiwanja. Maji yao yanatoka wapi?

#9 FundiVisima

Mabomba, maboza, na wengine wana mitambo ya kuondoa chumvi. Mwenye pesa ya kununua maji hahitaji kisima kizuri. Hoja yangu ni kwa asiye na pesa hiyo, yaani huyu mwenye uzi.

#10 Wakili_Msituni

Hamjagusa ardhi, na ardhi ndiyo kiini cha pwani yetu.

Viwanja vya ufukweni kwa miaka mingi havikuuzwa hivi hivi. Kuhamisha kiwanja cha safu ya kwanza kulihitaji ridhaa kutoka juu kabisa, ikulu. Aliyekuwa na mkono mrefu aliunganisha viwanja akajenga kikubwa. Asiye na mkono alibaki na kipande chake. Diani ilitakiwa na wakubwa, ikakatwa mapande makubwa. Tiwi ilibaki na vipande vya watu wa kawaida, baadhi yao wakiwa walowezi wastaafu waliojenga koteji zao wakawa wanazipangisha wakisafiri. Koteji mbili zikawa nne. Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza.

Na tangu Katiba ya 2010, ibara ya 65, asiye raia hana zaidi ya hati ya kukodi ya miaka 99. Kwa hiyo, MnaziMrefu, kabla hujapima maji, pima hati. Ina majina ya nani? Kama bado ni jina la marehemu, msipige hata tofali moja.

#11 MnaziMrefu

Wakili, mirathi tumeshaifungua kwa Kadhi, majina yanashughulikiwa. Ahsante kwa kunikumbusha.

Fundi, kisima chetu kiko shambani, nyuma ya nyumba ya zamani. Bibi alikuwa akisema maji yake yanabadilika ladha, kuna wakati matamu, kuna wakati chai inakataa. Hilo ni nini?

#12 FundiVisima

Inaweza kuwa bamvua. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu bahari inajaa sana na kukupwa sana, na kisima kilicho karibu kinapumua nayo. Inaweza kuwa mwisho wa kiangazi, mvua imekuwa mbali na maji matamu yamepungua. Inaweza kuwa jirani amefunga pampu kubwa. Usiamini ladha ya siku moja. Pima mwezi wa tatu kabla masika hayajaanguka, na upime siku ya bamvua. Kikipita siku hiyo, kitapita siku zote.

Na angalia shimo la choo liko wapi. Kwenye matumbawe maji machafu hayachujwi, yanapita tu.

#13 Kijana_wa_Ukunda

Wazee, kwa heshima zote, mnazunguka. Tiwi haikukua kwa sababu ya usalama. Kwa miaka mingi mgeni alikuwa anaambiwa: usitembee kwa miguu njia ya kutoka barabara kuu hadi baharini, chukua gari. Vichaka pande zote mbili, hakuna nyumba njiani. Neno kama hilo likishaandikwa kwenye vitabu vya watalii halifutiki.

Halafu likaja la Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kikavamiwa, pwani nzima ya kusini ikaumia. Diani ilipata nguvu ya kuinuka kwa kuwa ilikuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Tiwi ilikuwa na nani?

#14 Mswahili_Leicester

Kijana wa Ukunda, niongeze jambo ambalo wengi wamelisahau. Mei 2014 serikali ya Uingereza ilitoa onyo la safari, na mpaka wa onyo ulichorwa kwa majina: kisiwa cha Mombasa na ukanda wa kilomita 5 kutoka pwani, kuanzia mkondo wa Mtwapa kaskazini hadi Tiwi kusini, Tiwi ikiwemo. Diani ikaachwa nje ya onyo. Mpaka ulipita katikati ya majirani! Mimi nilikuwa nimelipia nyumba ya Tiwi kwa ajili ya familia, na bima ya safari ikakataa kunifidia kama ningekwenda. Nilimwandikia mwenye nyumba, akanirudishia pesa zangu zote bila maneno, ingawa hakulazimika. Onyo liliondolewa Juni 2015, nasi tukarudi kwake.

Nalisema hili kwa sababu hoteli isingeweza kufanya alivyofanya yule. Ni mtu mmoja mwenye nyumba moja.

#15 BintiShimba

Mswahili, hilo la 2014 ni la kweli na liliuma. Lakini mwenye uzi anauliza jambo la tangu utoto wake. Onyo la 2014 haliwezi kueleza kilichokuwako miaka ya 80. Hata la 1997 haliwezi.

#16 Kijana_wa_Ukunda

Linaeleza kwa nini hoteli hazikuja *baadaye*. Swali lina pande mbili.

#17 Mzazi_Thika

Nyie endeleeni na historia. Mimi nataka kuonya juu ya mbega. Tulikodi nyumba Diani, si Tiwi, tukaacha mkate mezani barazani tukaenda kuosha miguu. Kurudi, mbega wamekula mkate wote, wamemwaga sukari na wameondoka na ndizi.

#18 MlinziWaMiti

Mzazi, mbega unawasingizia. Mbega ni yule mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani, chakula chake ni majani, maua na matunda mabichi ya msituni. Mkate wako hakuutaka. Waliokuibia ni kima, au tumbili, au nyani kama walikuwa wakubwa na wakorofi.

Mbega wa Diani wana shida zao: magari yanawagonga na nyaya za umeme zinawaua. Ndiyo maana utaona ngazi za kamba zimetandazwa juu ya barabara ya Diani, shirika la kuwahifadhi limekuwa likizifunga, na wanazitumia kweli, mama na mtoto tumboni. Ukijenga nyumba, MnaziMrefu, usikate miti mikubwa ya asili kwa ajili ya maegesho. Na jiko liwe na mlango wa wavu unaojifunga wenyewe. Mgeni anayejipikia ndiye anayewafundisha kima wizi, kwa sababu chakula chake kiko wazi na hakuna mhudumu.

#19 Mzazi_Thika

Hakuwa na manyoya meupe. Sawa, kima.

#20 TangaRaha

Habari za huko Kenya. Nimefuata uzi wenu kimya kimya nikaona niseme neno kutoka upande wa pili wa mpaka.

Hoja ya BintiShimba ya kwamba ufuo unaamua, kwetu haifanyi kazi. Ushongo, kusini ya Pangani, ina mchanga mrefu safi kuliko mnavyodhani. Nyuma yake minazi na mkonge, Saadani haiko mbali, mbuga ya taifa inayogusa Bahari ya Hindi, na mbele yake kisiwa cha Maziwe ambacho siku hizi maji yakijaa kinafunikwa chote. Kwa maumbile ingekuwa Diani. Lakini mpaka juzi barabara ya kutoka Tanga ilikuwa vumbi, na ng'ambo ya mto unavuka kwa kivuko hadi Bweni. Kwa hiyo zimekaa loji ndogondogo tu, na hata hizo nyingi zinakupikia, za kujipikia ni chache mno. Namuunga mkono Baharia: barabara.

Sasa lami inakuja na daraja la Mto Pangani linajengwa. Tuulizane baada ya muda.

#21 BintiShimba

TangaRaha karibu, na ahsante. Lakini umenisaidia bila kupenda: barabara mbovu mmekuwa nayo na nyumba za kujipikia hamkupata. Basi barabara mbovu haizai nyumba za kujipikia. Kuna kitu kingine.

#22 TangaRaha

Kitu kingine ni kwamba Mtanzania akienda Tanga ana shangazi Tanga! Atakodi nyumba ya nini? Akilala kwa kukodi, shangazi atanuna hadi Idi.

#23 MamaPendo_Nrb

Hapo umegonga penyewe. Sisi wa bara hatukuwa na shangazi Tiwi.

#24 Abu_Zuwena (Muscat)

Assalaam alaykum. Watu wa Ghuba hapa nao wana mtindo huo huo. Msimu wa khareef, kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba, ukungu na manyunyu vinapofunika milima ya Salalah, familia zinateremka kwa magari kutoka Muscat, Emirati na Saudia, zinakodi nyumba zenye jiko. Hoteli zipo, tena nzuri. Lakini mtu ana mke, mama, dada na watoto, anataka faragha yake, wanawake wakae bila wageni wa kiume kupitapita, na chakula chake akijue kimepikwa vipi. Milima nyuma, bahari mbele, minazi katikati, utadhani uko Kwale.

Kwa hiyo natia langu: sababu ni faragha. Angalieni wenye nyumba wa Tiwi wanapangisha kwa nani. Siyo kijana na begi lake, ni familia.

#25 Wakili_Msituni

Waalaykum salaam. Hoja ya faragha naikubali nusu. Wapangaji wa mwanzo wa Tiwi hawakuwa watu wa purdah, ya kuwatenga wanawake na wanaume wageni.

#26 Abu_Zuwena (Muscat)

Faragha haina dini, ndugu Wakili. Mwalimu wa Nairobi mwenye watoto wanaolia usiku anaihitaji kuliko mimi.

#27 Mkulima_Matuga

Mimi nataka kujibu hoja ya kaka, ile ya kazi, kwa sababu nimeona mmeiruka wote.

Nalima mchicha, bilinganya, bamia na maembe. Hoteli kubwa inanunua kwa wakala, wakala ananunua soko la Kongowea, na mchicha wangu unavuka kwenda Mombasa unarudi tena Kwale ukiwa umenyauka. Hotelini mimi siwezi kufika na kikapu, askari wa geti atanirudisha. Nyumba za kujipikia nafika hadi dirisha la jikoni. Nalipwa papo hapo, na mgeni ananiuliza hii inapikwaje. Mvuvi hali kadhalika, wa madafu hali kadhalika, na mama anayepika mahamri na mbaazi alfajiri hali kadhalika. Pesa ya nyumba moja inapita mikononi mwa watu wengi kabla jua halijatua.

Kaka yako ahesabu na sisi.

#28 Mhudumu_wa_Zamani

Mzee Matuga, heshima zako. Lakini nimefanya kazi hoteli ya Diani tangu ujana wangu hadi nilipostaafu. Nilikuwa na hati ya mshahara, NSSF, bima ya hospitali, likizo, na nilisomesha watoto kwa mkopo wa chama cha ushirika. Ndugu yangu alikuwa mpishi wa koteji. Msimu ukiwa mzuri alinizidi kwa bakshishi. Mvua za masika zikifunga watu Nairobi, alikuwa anakuja kukopa kwangu. Alipougua hakukuwa na chochote.

Siwaungi mkono hoteli. Nasema mwenye nyumba ya kujipikia asimwite mpishi wake "mtu wa familia" halafu asimlipie bima. MnaziMrefu, andika hilo kwenye mpango wako kabla ya paa na madirisha.

#29 MnaziMrefu

Shikamoo mzee. Nimeliandika.

#30 Kijana_wa_Ukunda

#28 ndiyo posti bora ya uzi huu.

#31 MamaPendo_Nrb

Kwa kuwa sasa tunajenga, wacha niseme ya jikoni, maana wenye nyumba wengi wanaweka jiko kwa ajili ya picha.

Mbuzi ya kukunia nazi iwepo, na isiwe imelegea. Sufuria kubwa ya wali wa watu kumi, siyo vile visufuria vya mtu na mkewe. Kisu kinachokata samaki. Mwiko wa ugali. Mtungi wa gesi wa kilo 13 wenye mwenzake wa akiba, kwa sababu gesi huisha saa mbili usiku ukiwa na wali nusu jikoni. Jiko la makaa nje kwa ajili ya samaki wa kuchoma. Friji yenye sehemu ya kugandisha, kwa kuwa wakati wa kusi bahari imechafuka wavuvi hawatoki nje ya mwamba, ukipata samaki leo unanunua wa siku mbili. Kaskazi hakuna shida hiyo, samaki wanakuja wenyewe. Na tokeni za stima zijazwe kabla mgeni hajafika, mwenye nyumba, tafadhali.

#32 Fundi_Makuti

Na jiko lisiwe chini ya makuti. Watu wanapenda makuti, ni baridi, ni mazuri, ni kazi ya mikono yetu. Lakini mgeni anayejipikia hajazoea, anakaanga samaki, mafuta yanashika moto, cheche moja inapanda na nyumba haipo. Tia nyumba makuti ukitaka, jiko ulijenge pembeni kwa tofali na zege. Mabati nayo karibu na bahari yanaliwa na chumvi, ukiyatumia nunua mazito. Makuti yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, kwa hiyo msikate minazi yenu, ndiyo dukani kwenu.

#33 Kaka_Mkubwa

Nimetumiwa uzi huu na shemeji. Mimi ndiye kaka.

Salamu kwa wote, shikamoo kwa wazee. Sina ugomvi na mdogo wangu. Nataka kujibu la barabara kwa sababu ndilo lililonifanya nipendekeze hoteli. Mnazungumza kana kwamba feri ya Likoni bado ndiyo njia pekee. Barabara ya Dongo Kundu imefunguka. Mgeni anashuka kwenye treni ya SGR Miritini, anashika Dongo Kundu, anatokea barabara kuu ya Lunga Lunga bila kuiona feri. Ile foleni ya Likoni iliyokuwa inawachosha watu haiko tena njiani mwake. Kama Baharia ana haki kwamba barabara ndiyo iliyoizuia Tiwi, basi kizuizi kimeondoka, na atakayejenga hoteli leo atawahi. Kama BintiShimba ana haki kwamba ni vighuba, sisi tuko safu ya pili, vighuba havituhusu sana, bwawa ndilo litakuwa bahari yetu.

Lililonishtua ni la Fundi. Hilo la mita 1 na mita 40 sikulijua.

#34 Baharia_wa_Likoni

Kaka Mkubwa karibu! Ila Dongo Kundu inakufikisha barabara kuu. Vumbi la kuteremka baharini bado liko pale pale.

#35 BintiShimba

Karibu kaka. Safu ya pili ndiyo vighuba vinakuhusu zaidi. Wageni wa vyumba 20 watapita njia ipi kwenda majini? Kwenye kiwanja cha nani? Familia tatu jirani atazivumilia, atawasalimia. Watu 40 kila siku ataweka geti.

Na wageni wako watataka kuliona lile dimbwi la mwambani lenye umbo la Afrika, na Madagaska yake pembeni. Linafikika maji yakikupwa tu. Mtu mwenye jiko lake anakwenda saa ya maji, anarudi, anakula. Mtu wa hoteli kifungua kinywa kinafungwa saa nne, maji yakikupwa saa tatu itakuwaje?

#36 Mhudumu_wa_Zamani

Tulikuwa tunawafungia chakula, binti. Hoteli nzuri inajua saa za maji.

#37 Mwl_Jiografia

Nimechelewa. Naona hakuna aliyetaja vilima vyenyewe. Anayekodi nyumba Tiwi huwa hakai ufukweni siku zote. Siku moja anapanda Shimba Hills: hifadhi ya taifa tangu 1968, ndovu, maporomoko ya Sheldrick, na palahala, yule swala mkubwa, ambaye Kenya nzima yuko hapo tu. Siku nyingine anakwenda Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu ya kaya za Wamijikenda iliyotiwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2008, anavikwa kaniki kiunoni na anaongozwa kwa adabu. Siku ya tatu anavuka mlango wa Mwachema maji yakiwa chini, anaona msikiti wa Kongo. Mgeni wa namna hiyo anataka nyumba ya kuondoka na kurudi saa yoyote. Mgeni wa hoteli amelipia milo yote, akitoka anahisi anapoteza pesa.

Kwa hiyo sababu yangu: shamba na vilima viko karibu mno na bahari. Diani vilevile viko karibu, nakubali kabla hamjaniambia, ila aliyejifungia na milo yote havioni.

#38 Wakili_Msituni

Mwalimu, umeeleza kwa nini wageni wa nyumba wanapenda Tiwi. Hukueleza kwa nini hoteli haziko.

#39 Mwl_Jiografia

Huenda ni swali moja.

#40 Kaka_Mkubwa

Fundi, uko wapi siku hizi, Matuga au Msambweni? Nataka uje utupimie kile kisima mwezi wa tatu, siku ya bamvua kama ulivyosema. Nitakuwepo mimi na mdogo wangu, na mama pia anataka kuwepo. Tusipige hesabu ya chumba wala ya jiko kabla ya hapo.

#41 FundiVisima

Nitakuja. Kisima kisivutwe siku iliyotangulia, kitulie kwanza. Na mniambie jirani yupi ana pampu.

#42 MnaziMrefu

Wa upande wa kaskazini. Ya umeme, inalia usiku kucha.

#43 FundiVisima

Basi tutaanzia kwake.